Kabati Lililosogezwa

Bwiza, Bujumbura, 4 Septemba 1972

Mdogo wangu Abdu,

"Mwanamke wa miaka arobaini na sita aliyefiwa na mume hukaa eda. Hakai barazani kugundisha njiti za kibiriti kama mtoto." Hayo ni maneno yako ya mwezi uliopita. Nimeyanakili jinsi yalivyo ili usije ukasema nimekuzulia. Salamu utazikuta chini, leo zimetanguliwa na ugomvi.

Umesema nimefiwa. Nani kakuambia? Maiti umeiona? Kaburi umelijua? Massoudi alitolewa ndani ya nyumba hii Jumamosi ya tarehe kumi na tatu Mei, saa nne asubuhi, na watu wa serikali waliokuja na kamio ya mizigo. Tangu siku hiyo hakuna aliyenijia na neno moja juu yake, la heri wala la shari. Eda ni ya mke wa maiti. Mimi ni mke wa mtu asiyejulikana alipo, na hao wana hukumu yao, kamuulize sheikh yeyote hapo Ujiji. Nikivaa nguo ya eda leo, nitakuwa nimemzika kwa mkono wangu.

Umesema nacheza. Kijumba hiki alikitengeneza Baba kwa mbao za masanduku ya sabuni, mwaka nilioanza chuo cha Kurani, kwa mfano wa nyumba hii hii ninamokaa. Ukuta wa mbele unainuka, unaona sebule, chumba cha kulala, chumba cha nyuma na mlango wa uani. Kilikuwa darini miaka thelathini, panya wamekula paa. Sasa nakitia samani. Nimekwisha fanya kitanda, na godoro lake la sufi. Chandarua nimekikata katika bendeji. Mbabula ya mkaa ni bati la dagaa, vikombe ni vifuniko vya dawa ya meno. Watu nawaambia ni zawadi ya mjukuu. Wewe nakuambia kweli: nataka nyumba yangu irudi kama ilivyokuwa asubuhi ile, kwa sababu mimi sikuwapo. Nilikuwa Kamenge, binti yetu Asiya anajifungua. Wewe ulikuwapo, ulilala hapa.

Kwa hiyo nisaidie kwa mambo mawili. Kwanza, Baba alipima kwa kidole: dhiraa moja ya nyumba kubwa ni pingili moja ya kidole chake cha shahada. Kidole changu ni chembamba mno. Mkono wa Baba umeurithi wewe, kwa hiyo pima pingili yako kwa uzi, ukate, unitumie. Pili, niambie asubuhi ile mkeka wako ulitandikwa wapi na kila chombo kilikuwa wapi.

Asiya na mtoto ni wazima. Mtoto ana miezi minne, ana masikio ya Massoudi. Barua hii anakuja nayo Mwanvua kwa meli, kaishona katika pindo la kitenge. Mpe jibu mkononi, posta usitie kitu.

Dada yako,
Mwantum

Ujiji, 21 Septemba 1972

Dada Mwantum,

Asalaam alaikum. Mi niko muzima, kifua tu kinanisumbua kwa baridi ya ziwa. Nimepata kazi kwa fundi wa baiskeli. Nakaa kwa Hadji, kaka yake shemeji Massoudi, na ananitunza kama ndugu. Anakusalimu, ingawa anauliza kila Ijumaa kwa nini aujakaa eda. Mi najibu "Hadji, dada yangu unamujua", anacheka kidogo.

Uzi wa kidole ni huo, umefungwa fundo mwanzo na mwisho. Umenifanya nikaangalia mikono yangu siku nzima, fundi akaniuliza kama nimeumia.

Mambo ya vyombo: mkeka wangu ulikuwa sebuleni, ukuta wa kulia. Meza ilikuwa katikati na viti vyake vitatu, cha nne kilivunjika ile sikukuu. Redio ilikuwa juu ya meza. Kabati lilikuwa palepale pa siku zote, chumba cha nyuma, ukuta wa chumba chenu cha kulala. Viatu vya shemeji vilikuwa mulangoni.

Dada, apana kasirika. Mi naomba tu, kazi hiyo ya kijumba ukiimaliza uiache. Watu wakikuona barazani na gundi watasema mengine.

Mdogo wako,
Abdu

Bwiza, 2 Oktoba 1972

Abdu mdogo wangu,

Salaam na dua. Mfungo unakaribia, nakuombea swaumu nyepesi na kifua kipone. Kunywa maji ya tangawizi, usimsikilize Hadji na mafuta yake ya samaki.

Uzi umefika. Nimekaa nao mezani nikapima nyumba nzima kwa dhiraa, kuta, milango, hatua kutoka mkeka hadi mlango, halafu nikarudi kwenye kijumba na pingili yako. Inalingana. Chumba cha nyuma hakikupotea hata kwa upana wa unywele. Nililia kidogo, si kwa Massoudi, kwa Baba. Mtu hakujua kusoma wala kuandika akaweza hesabu kama hii kwa kidole.

Watu kusema, waache waseme. Nimesemwa na maimamu wawili na mhariri mmoja, nikabaki. Unajua zile makala tatu za "Msomaji wa Bwiza" zilivyowachoma walioandika kwamba Waswahili wa mji huu ni wageni wanaopaswa kuthibitisha kila mwaka kwamba ni wa hapa. Watu wazima walijibizana magazetini na mtu waliyemdhani profesa wa seminari, kumbe ni mimi, nabandika vitumbua kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine. Massoudi alicheka hadi akakaa chini. Sitaogopa majirani kwa sababu ya gundi.

Redio nimeifanya kwa kiberiti na waya. Viti ni vitatu, kama ulivyosema. Kabati nimelichonga kwa ubao wa sanduku la sigara, pingili nne kwenda juu, lina milango miwili inayofunguka. Sasa nafanya milango ya nyumba, bawaba zake ngozi ya kiatu. Niambie jambo moja, nipate kujua mlango upi niuache wazi na upi nifunge: uliposikia kamio, ulitoka kwa mlango upi?

Dada yako,
Mwantum

Ujiji, 17 Novemba 1972

Dada,

Idi njema, ingawa imepita. Niwie radhi kwa kuchelewa. Mwanvua alikuja mara mbili, mara zote mbili sikuwa nimeandika.

Nilitoka kwa mulango wa nyuma. Nilisikia kamio inasimama, nikakimbia uani, nikaruka ukuta wa jirani Consolée. Mulango niliuacha wazi. Sikuona kitu, sikusikia kitu. Nimekuambia hivyo mwezi wa sita na nasema hivyo leo.

Hapa kuna maneno. Hadji amepata habari kwa mutu wa Bujumbura kwamba shemeji alichukuliwa kwa sababu ya vipuri vilivyopotea gereji alipokuwa mutunza stoo. Mzee ameumia sana. Anasema atasoma hitima baada ya Idi kubwa, amuombee ndugu yake msamaha wa wizi, yaishe. Nimemuambia sio kweli. Akaniuliza, "Kama si wizi, ni nini? Wewe ulikuwa ndani."

Kaa eda, dada. Nakuomba.

Abdu

Bwiza, 26 Novemba 1972

Abdu,

Wa alaikum salaam. Mtoto ameota jino. Asiya anakusalimu. Hayo yametosha.

Sasa sikiliza. Nilirudi kutoka Kamenge Jumamosi ile jua likielekea kuzama. Consolée alikuwa amenifungia mlango wa mbele na hakuna aliyeingia baada ya wale watu, ameniapia kwa msalaba wake. Nilikuta kabati limesimama mbele ya mlango wa nyuma. Limesogezwa kutoka ndani, mlango umezibwa. Miguu yake minne imechora sementi, mistari ipo mpaka leo, weka kidole uisikie. Nilifikiri wale watu walilivuta wakitafuta kitu. Lakini hawakufungua hata droo moja, sahani zangu zilikuwa zimepangwa kama nilivyoziacha.

Juzi nilitia kabati dogo katika kijumba, kwanza pale pa siku zote, halafu pale nilipolikuta. Nikafunga mlango wa nyuma kwa kabati nikalitazama saa nzima. Abdu, hakuna binadamu anayetoka kwa mlango kisha akauziba kutoka ndani. Na ungeuacha wazi, kabati lingekuwa limesimama mbele ya uwazi na kuku wa Consolée wangekuwa jikoni kwangu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli, kwa nje, kwa sababu nilitoka alfajiri kwa upande wa uani nikaufunga kama kawaida yangu, na ufunguo nilikuwa nao kwenye kanga yangu Kamenge.

Hukuruka ukuta wa mtu. Kati ya kabati na mlango kuna nafasi. Nimeipima kwa kidole chako mwenyewe: mtu mmoja anaingia akijibana. Ulikuwa humo.

Sasa nitasema ninachoamini, na unijibu kama unaweza. Wale watu walikuja kukutafuta wewe. Wewe ndiye uliyevaa kofia ya vijana wa chama kilichopigwa marufuku ukapiga kelele barabarani mwaka ule. Wewe ndiye uliyekuwa ukilala nyumba hii leo na ile kesho. Walikuja kwa ajili yako, ukajificha nyuma ya sahani zangu, na mume wangu akatolewa badala yako. Kisha ukapanda meli, ukaenda kula wali wa kaka yake, ukaniandikia nikae eda. Ningekuwa mwanamume ningekufuata huko.

Nijibu kwa neno la kweli au usiniite dada.

Mwantum

Bwiza, 9 Januari 1973

Abdu,

Mwanvua amekuja mara tatu mikono mitupu. Anasema ukimwona unageuza njia.

Silali. Nimekitia kijumba samani zote, hata kiti cha nne kilichovunjika nimekifanya na kukivunja. Sijui tena la kufanya kwa mikono yangu. Nakitazama nasubiri mtu aseme kitu humo ndani.

Kama ni wewe waliyemtaka, sema tu. Nitakusamehe, nakuapia. Sitaki tena kushinda. Nataka kujua.

Mwantum

Ujiji, 31 Januari 1973

Dada yangu Mwantum,

Asalaam alaikum. Nimeandika barua hii mara sita. Idi kubwa imepita, Hadji ameweka hitima Ijumaa tarehe tisa Machi, amekwisha agiza mbuzi. Kwa hiyo siwezi tena kunyamaza, ingawa niliapishwa.

Ni kweli, nilikuwa nyuma ya kabati. Tulisikia kamio inasimama, shemeji akakimbilia mulango wa nyuma, akaukuta umefungwa kufuli kwa nje. Akanitazama. Akaniambia "Ingia hapa" akanisukuma kwenye mulango, akavuta kabati peke yake. Sijui alipata wapi nguvu, na vile mugongo wake ulikuwa unamuuma. Mi niliamini kama we: wamekuja kwa ajili yangu. Nikasema kwa ufa, "Shemeji, niache nitoke, ni mi wanataka." Akasema "Nyamaza."

Wakaingia. Sauti tatu. Mumoja akauliza nani ni mwenye B.P. ya gereji, lile sanduku la posta. Shemeji akasema, "Sanduku ni la patroni wa gereji, lakini mi ndiye ninayekwenda kuchukua barua." Yule akasema, "Basi we ndiye Msomaji wa Bwiza."

Dada, makala zako ulitia B.P. ya gereji chini, kwa sababu wengine atuna sanduku letu, sote tunatumia ya bosi. Walifuata sanduku.

Mi nilihesabu pumzi zangu. Halafu shemeji akasema, "Ndiyo, ni mi."

Mumoja akacheka. Akasema, "We, mutunza stoo? Mutu huyu anaandika kama padri. Chukua, andika." Nikasikia karatasi, nikasikia penseli. Unajua shemeji na penseli. Aliandika muda mrefu. Yule akamunyang'anya, akasoma kwa sauti: "Bujie nne. Plaki za breki mbili. Filtre ya mafuta moja." Orodha ya vipuri vya stoo. Wote wakacheka. Akamuuliza, "Hii ndio makala?" Shemeji akajibu, "Makala naandika nikiwa na hasira. Leo sina hasira."

Wakamuchukua hivyo hivyo. Sidhani waliamini. Walitaka mutu, na mutu alikubali. Hakupigwa pale ndani, hilo naweza kukuapia. Aliomba avae viatu, wakamukubalia.

Kabla hajawafungulia mulango wa mbele alikuwa ameniambia kwenye ufa, na haya ndio maneno yaliyonifunga miezi yote hii: "Wakiuliza chochote, Mwantum asijue waliuliza nini." Mi nilijua ukinishika kwa maswali nitasema, ndio maana nilikwepa. Uliponiandikia kwamba walinitaka mi, nikafikiri afadhali uamini hivyo. Nilikuwa tayari unichukie.

Wakati wa kutoka nilisubiri mpaka adhana ya adhuhuri, nikajibana upande wa ukuta, nikapita mbele kabla Consolée hajaja kufunga.

Alipo sijui. Kama yu hai sijui. Nisamehe.

Abdu

Bwiza, 20 Februari 1973

Abdu mdogo wangu, na Hadji shemeji yangu mkubwa,

Barua hii ni yenu wawili, na wewe Abdu utaisoma kwa sauti mbele ya Hadji, yote, bila kuruka mstari.

Asalaam alaikum. Sisi huku ni wazima wa mwili. Mtoto anatambaa. Abdu, niliyokuandikia Novemba nayafuta, lakini kuyafuta hakutoshi, najua.

Barua yako ilinifika Jumatano. Jumatatu nilivaa, nikachukua magazeti matatu yenye makala zangu, nikaenda ofisi ile ambako wengine wetu wameulizia watu wao. Nilimkuta karani kijana, mstaarabu. Nikamwambia jina la mume wangu. Akaniuliza, "We ni nani yake?" Nikamjibu, mke. Nikamwambia: aliyemchukua amechukua mtu siye, Msomaji wa Bwiza ni mimi, hizi hapa makala, mrudisheni nyumbani mnichukue.

Aliyatazama magazeti, akanitazama mimi. Akamwita mwenzake: "Hyacinthe, njo usikie. Mama huyu anasema ni yeye anaandikaka gazeti." Yule akajibu toka ndani, bila kuinuka, "Mupe pole, aende kwake."

Nikasema nipeni karatasi, niandike hapa hapa, mlinganishe. Massoudi alipewa karatasi, mimi nilinyimwa. Karani akanirudishia magazeti yangu kwa mikono miwili kama mtu anayempa mgonjwa dawa. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, mwandishi alishapatikana. Faili imefungwa. Rudi nyumbani." Nikamuuliza imefungwa maana yake nini. Akasema, "Imefungwa, mama. Usiniulize tena." Na macho yalimjaa maji, Abdu, mtoto wa watu yule. Hapo ndipo nilipojua zaidi ya alichoniambia.

Nimejibizana na watu wenye elimu miaka kumi na mitano na sikuwahi kukosa jibu. Jumatatu nilikosa. Nilitoka nikasimama barabarani nikiwa na magazeti mkononi, sijui niende kulia au kushoto.

Hadji, nilikudharau kwa habari ya eda, nakuomba radhi. Sijui kama mimi ni mjane. Leo nafikiri ndiyo, kesho asubuhi nitafikiri hapana. Sikulazimishi usubiri pamoja nami, mbuzi umekwisha agiza na watu umekwisha waalika. Kama unataka kumsomea ndugu yako, msomee, Kurani haipotei kwa aliye hai wala kwa aliyekufa. Lakini kumwombea msamaha wa wizi, sikubali. Stoo ile haikupoteza hata bolti moja. Massoudi alikuwa akirudi na sukari ya mabaki ya chai ya patroni, anairudisha kesho yake kwa sababu hakuambiwa aichukue. Hilo unalijua wewe uliyemlea.

Nimenyimwa kibali cha kusafiri, mara mbili mwezi huu. Siwezi kuja Ujiji. Ningekuja kwa miguu. Kwa hiyo kinywa changu huko ni chako, Abdu, na sikuombi, nakutaka.

Ijumaa ya tarehe tisa, watakapokuwa wamemaliza juzuu na kabla ya dua, simama. Usikae mlangoni, nenda katikati. Usiseme "watu fulani," usiseme "kwa sababu za siasa," usinisitiri. Massoudi alikuapisha mimi nisijue, na sasa najua, kiapo kimekwisha. Sema walichouliza. Sema alichojibu. Waeleze habari ya penseli na orodha ya bujie, na wakicheka waache wacheke, yeye mwenyewe angecheka. Kisha useme kwamba aliyeandika ni Mwantum binti fundi seremala wa Bwiza, dada yako wa tumbo moja, na kwamba yuko hai, na kwamba mtu yeyote katika ukoo huo mwenye neno la kumlaumu aliandike na kumpa Mwanvua.

Na wewe Hadji, akimaliza Abdu, usiendelee na dua haraka. Geuka uwatazame watoto wa ndugu zako waliosikia kwamba baba yao mdogo ni mwizi, na uwaambie kwa kinywa chako kile kile ulichowaambia nacho kwamba ulikosea.

Mwantum